Faili limefutwa na bakapu ipo: tafuta tatizo liko wapi kabla hujagusa kitu

Simu hizi huingia zaidi Jumatatu asubuhi, halafu zinaongezeka mwishoni mwa Juni ofisi zinapofunga mwaka wa fedha. "Fundi, folda ya malipo haipo." Nauliza kama bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili, ipo. "Ipo, si uliifunga mwenyewe? Inajifanya yenyewe kila siku." Hilo "inajifanya yenyewe" ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu kitu kinachojifanya chenyewe hakuna anayekiangalia mpaka siku ya msiba.

Kazi yangu iko hapa Dodoma, mjini na nje ya mji: ofisi ndogo za Area C na Makole, maduka ya stesheneri, wanunuzi wa mahindi Kibaigwa, watu wa zabibu upande wa Hombolo. Wengi wanatumia Windows, diski moja ya nje na akaunti ya Google au OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), kwa hiyo nimeandika kwa ajili ya vifaa hivyo. Dalili nimeziweka kama wateja wanavyozisema.

Kwanza, zuia bakapu isiendelee

Watu wengi huanza kwa kutafuta faili. Mimi naanza kwa kusimamisha ratiba. Bakapu otomatiki haijui kosa wala makusudi. Ikikuta folda haipo, mipangilio mingine huifuta na upande wa pili ili pande mbili zilingane. Mipangilio mingine hutunza nakala saba za mwisho, na ya nane ikiingia, ya kwanza inatoka. Ukilala na tatizo siku tatu, huenda usiku mmojawapo ndio uliofuta nakala nzuri ya mwisho.

Kwenye Windows fungua kipanga kazi (Task Scheduler) na uzime ile kazi ya bakapu, au kama unatumia File History, bakapu inayokuja na Windows yenyewe, zima swichi yake. Kwa OneDrive na Google Drive, bofya alama iliyo kona ya chini kulia, karibu na saa, uchague kusitisha kwa muda. Diski ya nje usiichomoe ghafla taa yake ikiwa inapepesa. Na kwenye kompyuta lilipofutwa faili usisevu kitu kipya, usidownlodi programu, usianze kupanga mafaili. Sababu utaiona huko mwisho.

Kisha jiulize maswali matatu. Faili lilionekana lini mara ya mwisho? Lilikaa wapi hasa: desktopu ya mtu, folda ya pamoja, fleshi? Na je, uliwahi kumtumia nani? Hili la tatu watu hulipuuza, na ndilo limeniokolea muda mwingi kuliko programu yoyote. Ofisi zetu zinaishi kwa WhatsApp. Ripoti ilitumwa kwa bosi akiwa safarini, ikaenda stesheneri kuchapwa, ikapita kwenye barua pepe ya mkaguzi. Tafuta kwenye simu ya aliyetumiwa kabla hujafungua diski. Mara nyingi unapata toleo la juzi ndani ya dakika tano, na la juzi ni bora kuliko hakuna.

"Nimeangalia kwenye pipa la taka, halimo"

Pipa la Windows hupokea kinachofutwa kutoka diski za kompyuta hiyo yenyewe tu. Ukifuta kitu kwenye folda ya pamoja iliyo kwenye kompyuta nyingine, hakiendi kwenye pipa lako, na kwa kawaida hakiendi kwenye pipa la kompyuta ile nyingine pia. Kinapotea moja kwa moja. Fleshi ni hivyohivyo kwa kawaida. Anayefuta akiwa ameshikilia Shift naye amelipita pipa kwa makusudi, hata kama alishika kwa mazoea tu. Na faili kubwa kuliko nafasi ya pipa halipokelewi; Windows huuliza kama ulifute kabisa, na mtu mwenye haraka hubofya ndiyo.

Kama ofisi ina kifaa cha kuhifadhia mafaili ya pamoja chenye diski zake, fungua folda ya pamoja uangalie kama ndani yake kuna folda ya taka. Kwenye vifaa vya Synology, kwa mfano, inaitwa #recycle, na hufanya kazi ikiwa tu aliyekifunga aliiwasha.

Kwenye Google Drive swali ni la mwenye mali. Faili likifutwa na mwenyewe, liko kwenye pipa la mwenyewe, wala si lako uliyeshirikishwa, kwa hiyo unatafuta kwenye akaunti isiyo sahihi. Kinyume chake, kama faili ni lako na mwenzako amelitoa kwenye folda ya pamoja, halijafutwa. Limebaki bila folda. Kwenye sanduku la kutafutia la Drive andika is:unorganized owner:me uone yanayojitokeza. Nimeona watu wakilia kwa faili lililokuwa limekaa humo limetulia.

"Lilifutika huku, likafutika na kule"

Hapa mteja huwa na kitu kinachoitwa bakapu, lakini ni usawazishaji. OneDrive, Google Drive na Dropbox kazi yao ya msingi ni kufanya pande zote zifanane. Umefuta kwenye kompyuta ya ofisini Kisasa, basi na ile ya nyumbani Nkuhungu imefutiwa, maadamu zote ziko hewani. Kinachokuokoa ni pipa la huko juu, lenye siku za kuhesabu. Google Drive hutunza siku 30. OneDrive ya mtu binafsi ni siku 30, na ile ya kazini au ya chuo ni siku 93 isipokuwa msimamizi amebadili. Dropbox ya bure ni siku 30. Picha zilizopandishwa kwenye Google Photos hukaa kwenye pipa siku 60.

Siku hizo zikipita kwenye akaunti ya ofisi iliyo chini ya Google Workspace (huduma ya Google ya maofisi), usikate tamaa papo hapo: msimamizi wa akaunti ana siku 25 nyingine za kurudisha kutoka upande wake baada ya pipa kumwagwa. Kwa mwenye usajili wa Microsoft 365 kuna njia ya kuirudisha OneDrive nzima hadi siku na saa unayoichagua ndani ya siku 30 zilizopita. Ni nzuri ikiwa yamefutwa mafaili mengi kwa mpigo. Kwa faili moja usiitumie, maana itarudisha nyuma na kazi zote nzuri zilizofanyika tangu hapo.

Tumia kompyuta yenye kivinjari, ingia kwenye tovuti yenyewe. Pipa la kwenye kompyuta na pipa la mtandaoni ni mapipa mawili tofauti.

"Bakapu ipo, ila mara ya mwisho ilifanya miezi mitatu iliyopita"

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi, na chanzo chake cha kwanza kiko ukutani. Bakapu imepangwa saa nane usiku, kama vitabu vinavyoshauri, wakati hakuna anayetumia kompyuta. Lakini hapa mtu wa mwisho kutoka ofisini anazima meni swichi. Saa nane usiku kompyuta imelala giza. Asubuhi inawashwa, kipanga kazi kinaona muda umepita, kinasubiri usiku mwingine ambao nao utazimwa. Tiba ni rahisi: hamishia ratiba saa saba mchana watu wakiwa wamekwenda kula, halafu kwenye mipangilio ya kazi hiyo weka alama kwenye kile kisanduku kinachosema ikikosa muda wake iendeshwe mapema iwezekanavyo.

Chanzo cha pili ni herufi ya diski. Bakapu iliambiwa iandike kwenye E. Siku moja mtu akachomeka fleshi kwanza, fleshi ikachukua E, diski ya nje ikawa F. Bakapu ikabisha hodi E, ikakosa folda yake, ikanyamaza. Ingia kwenye usimamizi wa diski (Disk Management) uipe diski ya bakapu herufi ya mbali, X kwa mfano, ambayo hakuna fleshi itakayoifikia.

Cha tatu watu hawakiamini mpaka wakione. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ya duara mfano wa sarafu, CR2032, volti 3. Inatunza saa ya kompyuta umeme usipokuwepo. Ikifa, na kama meni swichi inazimwa kila jioni, kila asubuhi kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka wa zamani, mara nyingi mwaka ilipotengenezwa. Bakapu yenye kupanga nakala kwa tarehe inaiweka ya leo chini kabisa ya orodha, chini ya zile za zamani, na wewe ukifungua unaona ya juu ni ya Machi. Bakapu ya mtandaoni ndiyo mbaya zaidi: haiunganishi kabisa, kwa sababu cheti cha usalama cha tovuti kinaonekana bado hakijaanza kutumika. Kama Chrome nayo inalalamika kuhusu saa, umeshapata jibu. Badilisha betri, weka saa sawa. Kwenye orodha ya majira ya Windows usihangaike kuitafuta Dodoma; chagua Nairobi, saa tatu mbele ya UTC, yaani saa ya kimataifa.

Yaliyobaki yapitie haraka: diski imejaa, bando limeisha, mtandao umewekewa alama ya kulipiwa kwa kipimo kwa hiyo OneDrive imejisitisha, au nenosiri la akaunti limebadilishwa na bakapu bado inatumia la zamani.

Ukishajua ilisimama lini, usidharau nakala hiyo ya miezi mitatu. Itoe, uiweke pembeni, ndiyo msingi wa kujenga upya.

"Naiona bakapu, lakini faili halimo" na "nimelipata, ila ni la zamani"

Naziweka pamoja kwa sababu huwa ni kosa moja la kusoma muda. Nitaeleza kwa kisa.

Jumatatu ya tarehe 17 Machi 2025 niliitwa na ofisi ndogo inayokusanya zabibu za wakulima, msimu ukiwa umepamba moto. Dada mhasibu alikuwa amefuta folda ya malipo ya mwezi Ijumaa, akidhani ni nakala iliyojirudia. Folda ilikuwa ya pamoja, kwa hiyo kwenye pipa hakuna kitu. File History ilikuwa imewashwa kwenye kompyuta kuu, ikiandika kwenye diski ya nje kila saa moja, ndivyo inavyokuja ikiwa hujaibadili. Alikuwa ameshatafuta mwenyewe, akashindwa mara mbili.

Mara ya kwanza alifungua dirisha la kurejesha, akaona orodha ya folda, ya Machi haimo, akafunga. Dirisha lile hufunguka likionyesha hali ya mwisho, yaani baada ya kufuta. Unatakiwa kubofya mshale wa kushoto ulio chini ili urudi nyuma kwa nyakati, mpaka folda itokee. Ilitokea kwenye hatua chache tu.

Mara ya pili alifungua diski yenyewe na kuyaona mafaili, yana majina marefu hivi:

Malipo Machi (2025_03_14 05_00_38 UTC).xlsx
Malipo Machi (2025_03_14 06_00_41 UTC).xlsx
Malipo Machi (2025_03_14 07_00_40 UTC).xlsx

"Kaka, la mwisho ni la saa moja asubuhi," akaniambia. "Saa moja mimi nilikuwa kwenye daladala. Nilifuta saa nne na nusu, na tangu saa mbili nilikuwa naingiza uzito wa kreti. Kwa hiyo kazi yote ya asubuhi haipo."

Kazi ilikuwepo. Ile 07_00 ni saa za UTC, na sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo ni saa 10:00, yaani saa nne kamili asubuhi. Kuna njia fupi niliyomfundisha na anaitumia hadi leo: chukua tarakimu ya saa ya UTC, toa tatu, unapata saa ya Kiswahili. Saba toa tatu, saa nne. Kumi na mbili toa tatu, saa tisa alasiri. Alihesabu kwa vidole akacheka.

Tulifungua lile la 07_00. Mistari yote mpaka saa nne ilikuwepo. Iliyokosekana ni ya kuanzia saa nne hadi alipofuta, mistari kumi na miwili, akaijaza kutoka kwenye daftari la mizani ambalo karani huandika kwa kalamu pale kreti zinaposhushwa. Robo saa ikaisha kazi.

Kumbuka basi kwamba bakapu ya kila saa inaweza kukukosesha hadi saa nzima ya kazi, na ya kila siku hadi siku nzima. Hiyo si hitilafu. Time Machine, bakapu ya kompyuta za Mac, ina tabia yake pia: hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa muda wa nyuma zaidi mpaka diski ijae. Faili lililotengenezwa asubuhi na kufutwa mchana wa siku hiyohiyo, ukilitafuta baada ya wiki mbili huenda usilipate.

Unaporejesha, usirejeshe juu ya lililopo. Tengeneza folda mpya, iite Imerudi na tarehe, weka humo, kisha linganisha.

"Limerudi, lakini halifunguki"

Angalia ukubwa kwanza. Ikiwa ni KB 0, kilichonakiliwa ni jina tu. Chanzo kimoja ni mafaili ya OneDrive yenye alama ya wingu: yanaonekana kwenye kompyuta ilhali mwili wake uko mtandaoni, na programu ya bakapu isiyolijua hilo hubeba ganda. Yanayotakiwa kubaki kwenye kompyuta yawekee chaguo la kubaki daima kwenye kifaa hiki, yashuke, ndipo bakapu ifanye kazi.

Chanzo kingine ni kuacha faili wazi. Programu nyingi nyepesi za bakapu huliruka faili lililofunguliwa, zikaandika hivyo kwenye kumbukumbu yake ambayo hakuna anayeisoma. Mwenye Excel wazi kutwa nzima, faili lake kuu ndilo lisilonakiliwa, na mafaili asiyoyagusa tangu mwaka juzi yananakiliwa vizuri kabisa. Programu za uhasibu zina shida hiyohiyo kwa uzito zaidi: hifadhidata iliyonakiliwa ikiwa inaandikwa inaweza kurudi imepasuka katikati. Tumia bakapu ya programu hiyo yenyewe, kisha bakapu yako inakili lile tokeo.

Kuna pia bakapu za vipande. Jumapili inachukuliwa nakala nzima, siku zinazofuata yanachukuliwa mabadiliko tu. Kurudisha ya Jumatano kunahitaji ya Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, zote nzima. Ya Jumanne ikiharibika, unafika Jumatatu tu. Ofisi moja kijana aliona faili moja kubwa linakula diski, akalifuta, akayaacha madogo sita. Lile kubwa ndilo lilikuwa Jumapili.

Mafaili yakiwa yameongezewa mkia wa ajabu kwenye majina yote kwa pamoja, na kuna ujumbe wa kudai pesa, hiyo ni mada nyingine. Chomoa kebo ya mtandao na usichomeke diski ya bakapu kwenye mashine hiyo kwa hali yoyote.

Likikataa kwa kusema huna ruhusa, mara nyingi ni kwa sababu nakala ilitengenezwa na kompyuta ya zamani. Ingia kama msimamizi ujipe umiliki wa folda. Likiomba ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la diski nzima) wa tarakimu 48, tafuta kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa kompyuta. Pasipo ufunguo huo hakuna fundi wa kukusaidia, na anayesema anaweza mwache aende zake.

Bakapu haipo kabisa

Hapo ndipo ile marufuku ya kusevu inapoeleweka. Kwenye diski ya kuzunguka, faili lililofutwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Zima kompyuta, toa diski, ichomeke kwenye mashine nyingine kama diski ya pili, na huko ndiko uendeshe programu ya kufufua mafaili, Recuva au PhotoRec, ukihifadhi yanayopatikana kwenye diski ya tatu. PhotoRec hairudishi majina. Utapata mamia ya mafaili yenye namba, andaa jioni nzima ya kuyafungua moja moja. Kwenye SSD, diski isiyozunguka, matumaini ni madogo, kwa sababu Windows huiambia diski ifute sehemu hizo mara baada ya wewe kufuta. Mteja mwenye SSD namwambia hivyo kabla sijamtoza hata shilingi.

Kurudisha ratiba

Faili limerudi, mteja anashukuru, chai inaletwa. Mimi mwenyewe niliwahi kunywa chai hiyo, nikaaga, nikaondoka. Baada ya wiki saba nikaitwa tena palepale: folda nyingine imefutwa, bakapu ya mwisho ni ya siku ileile niliyokuja. Nilikagua meni swichi, herufi ya diski, betri, bando, vyote vizima. Kisha nikafungua kipanga kazi nikaikuta kazi imezimwa, na aliyeizima ni mimi.

Siku hizi nikisimamisha ratiba nabandika kipande cha selotepu nyekundu juu ya kitufe cha kuwashia kompyuta. Siiondoi mpaka niiendeshe bakapu kwa mkono, niione tarehe ya leo kwenye diski, na nifungue faili moja kutoka humo.